Wasomaji Wanauliza: Mkurugenzi wa Elimu Ana Uwezo Gani?

SWALI: Mimi ni naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi ya umma huku Nyando, Kaunti ya Kisumu. Dada yangu anayeishi Marekani huniambia kwamba huko msimamizi mkuu wa wilaya ya shule huajiri walimu, hupanga bajeti na hupendekeza shule ipi ifunguliwe na ipi ifungwe. Nikimtazama mkurugenzi wetu wa elimu wa kaunti ndogo, namwona akiandika barua, akihudhuria mikutano na kutudai takwimu, lakini hawezi kunipatia hata mwalimu mmoja wa hisabati. Natamani siku moja nisimamie shule nyingi, ila sijui kama nielekee upande wa Wizara ya Elimu au nibaki upande wa TSC, tume inayoajiri walimu. Naomba ushauri. – Mwalimu, Ahero

JIBU: Mwalimu, dada yako hakukosea. Katika sehemu kubwa ya Marekani shule za umma ziko chini ya wilaya za shule, ambazo kwa jumla ni takriban 13,000, na kila wilaya ina bodi ambayo mara nyingi huchaguliwa na wakazi kwa kura. Bodi hiyo ndiyo inayomwajiri msimamizi mkuu kwa mkataba. Kwa kuwa fungu kubwa la fedha za shule hutokana na kodi ya ardhi na nyumba za wakazi wenyewe, mlipa kodi anajua ni nani wa kumuuliza shule zinapodorora, na bodi isiporidhika humwachisha kazi msimamizi huyo au hukataa kumwongezea mkataba.

Mfano unaofaa kuujua ni wa Ella Flagg Young, aliyeanza kufundisha Chicago mwaka 1862, akapanda ngazi hadi mwaka 1909 alipokabidhiwa shule za jiji zima, akiwa mwanamke wa kwanza kuongoza shule za jiji kubwa nchini humo. Alitetea kwa dhati mabaraza ya walimu, ili mwalimu wa darasa apate pa kutolea maoni kuhusu mtaala na uendeshaji wa shule. Mwaka 1913, baada ya mvutano na bodi, alijikuta nje ya ofisi, lakini malalamiko ya wananchi, hasa ya wanawake wa jiji hilo, yalimrudisha, akaendelea na kazi hadi mwaka 1915. Mamlaka yote aliyokuwa nayo hayakumkinga. Waliomtetea ni watu waliokuwa wameiona kazi yake kwa miaka mingi, na jambo hilo linakuhusu wewe hata kama hutakanyaga Chicago.

Hapa kwetu kazi hiyohiyo imegawanywa. Wazee wetu walimjua DEO, afisa wa elimu wa wilaya, na juu yake mkurugenzi wa elimu wa mkoa, ambaye kwa Nyanza alikaa Kisumu na kwa Bonde la Ufa alikaa Nakuru. Katiba ya 2010 ilipokuja, sera na shule za msingi na za upili zilibaki kwa serikali ya kitaifa. Elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini vikaenda kwa serikali za kaunti. Na kifungu cha 237 kikaipa TSC jukumu la kusajili, kuajiri, kutuma, kuhamisha, kupandisha vyeo na kuadhibu walimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaongeza bodi za elimu za kaunti, pamoja na bodi ya usimamizi katika kila shule. Kwa hiyo unapomlaumu mkurugenzi wa wizara kwa kutokupatia mwalimu wa hisabati, unamlaumu kwa jambo ambalo sheria imeliweka katika ofisi nyingine, pengine katika jengo lililo mkabala na lake.

Mimi naona mgawanyo huu unamlinda mwalimu, kwa sababu afisa mmoja hashiki mshahara wake, uhamisho wake na ukaguzi wa darasa lake kwa pamoja. Hasara yake ni nzito vilevile: shule ikiharibika, kila ofisi ina pa kuisukumia lawama. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mkurugenzi wa Kenya anahitaji ustadi wa kuongoza watu asiowaajiri. Mafuriko ya mwaka 2024, yaliyoahirisha ufunguzi wa shule kutoka tarehe 29 Aprili hadi tarehe 13 Mei, yalionyesha jambo hili wazi kwenu Nyando kuliko mahali pengi. Afisa wa elimu katika hali kama hiyo hana mashua wala mahema, na hana bajeti ya kujenga vyoo vilivyobomoka. Alicho nacho ni uwezo wa kuwaketisha pamoja machifu, walimu wakuu, maafisa wa TSC, wa kaunti na wa afya, na kutoka hapo akijua kwa uhakika ni shule gani bado ina maji madarasani na ni ipi inawahifadhi waliohama makwao.

Hizo takwimu zinazokuchosha nazo zina uzito wake. Mgao wa serikali kwa shule ya msingi umepangwa kuwa shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na kwa shule ya upili ya kutwa shilingi 22,244, na fedha hizo huenda moja kwa moja katika akaunti za shule kulingana na idadi ya wanafunzi. Mkurugenzi makini akifika shuleni hakimbilii kitabu cha wageni. Huomba daftari la mahudhurio la darasa moja, huingia darasani na kuhesabu vichwa, kisha hulinganisha na idadi iliyotumwa wizarani. Ikiwa shule ya msingi imeandikisha wanafunzi 60 ambao hawapo, hizo ni shilingi 85,200 kwa mwaka ambazo zingekwenda kwa watoto wengine. Anachofanya baada ya hapo ndicho kinachompambanua: mmoja atamkemea mwalimu mkuu mbele ya wanafunzi, na mwingine atataka kujua hao 60 wako wapi, kama wamehamia shule ya kibinafsi, wamekwenda kuvua samaki au kuvuna mpunga, au hawakuwahi kuwapo. Ningependa uwe huyo wa pili.

Kuhusu njia ya kufuata, jipime kwa kazi inayokuvuta. Ikiwa furaha yako ni kumwona mwalimu akifundisha vizuri zaidi, baki TSC, uombe nafasi ya afisa wa kusaidia mtaala, kazi ambayo walimu wengi bado wanaikumbuka kwa jina la zamani la TAC, kisha uendelee kuelekea usimamizi wa kaunti ndogo. Ikiwa unavutwa na usajili wa shule, viwango, bodi, fedha na usuluhishi wa migogoro, subiri matangazo ya nafasi za wizara kupitia Tume ya Utumishi wa Umma. Kwa vyovyote vile, anza sasa kuandika kumbukumbu za vikao vya bodi na kusoma hesabu za shule yako hadi uzielewe bila kusaidiwa. Mafunzo ya usimamizi hutolewa na KEMI, taasisi ya serikali ya mafunzo ya usimamizi wa elimu, na Chuo Kikuu cha Maseno hakiko mbali nawe.

SWALI: Shule ya umma ya binti yangu imeongeza malipo, na mwalimu mkuu hatuonyeshi kibali chochote. Niende kwa mkurugenzi wa elimu au TSC? – Mzazi, Kakamega

JIBU: Mama au Baba, malipo ni suala la wizara. Sheria ya 2013 hairuhusu shule ya umma kutoza malipo ya ziada bila idhini ya Waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Mtoto hafai kukatazwa kuhudhuria shule kwa kukosa kulipa malipo hayo, na kila kinachopokelewa kitolewe risiti rasmi. Iandikie kwanza bodi ya usimamizi ya shule, na usipojibiwa, mwandikie mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. TSC utaihitaji ikiwa lalamiko ni la mwenendo wa mwalimu mwenyewe. Ambatisha nakala za risiti, na nakala yako ya barua ipigwe muhuri wa kupokelewa kabla hujaondoka ofisini.