Mgonjwa Anapoitikia Kila Kitu

Ninyi mnaoanza wodi katika nchi ya watu, anatomia haitawatesa sana. Mfupa wa paja ni uleule kila mahali. Kitakachowatoa jasho ni mgonjwa anayeitikia "ndiyo, daktari" mwanzo hadi mwisho, kisha akifika nyumbani hamezi hata kidonge kimoja.

Mimi yalinikuta mwaka wa tatu. Mama mmoja wa makamo hakujua lugha ya pale, mkalimani kachelewa, nikamtumia mwanawe. Nikiuliza swali, mama anaeleza dakika nzima, kijana ananijibu: "Anasema hajambo." Mkalimani alipofika ndipo tulipojua kwamba mama alikuwa akitokwa damu ukeni kwa majuma kadhaa. Angelisemaje hilo kwa kinywa cha mtoto aliyemzaa? Tangu siku ile, isipokuwa kwa dharura, namsubiri mkalimani wa kazi, hata kama ni kwa simu. Akija, akae kando kidogo. Mtazame mgonjwa, useme "unaumwa wapi?", si "muulize anaumwa wapi". Sentensi ziwe fupi.

Halafu kuna maswali ambayo Arthur Kleinman, daktari wa akili na mwanaanthropolojia, na wenzake waliyachapisha mwaka 1978. Unadhani maradhi haya yametokana na nini? Unaogopa nini zaidi? Niliyadharau, nikaona yanapoteza muda wa zamu. Lakini hilo la hofu peke yake limenifungulia wagonjwa waliokuwa wamenifungia mlango kwa siku tatu.

Mtapewa pia mihadhara ya "wa dini hii wako hivi, wa kabila lile wako vile". Isikilizeni, ina faida yake: heparini nyingi, dawa ya kuzuia damu isigande, hutokana na utumbo wa nguruwe, na mwenye kisukari anayetaka kufunga Ramadhani apangiwe dawa zake upya kabla mwezi haujaandama. Ila muulize huyu aliye mbele yako. Yupo Mwislamu asiyefunga, na yupo atakayefunga hata umkataze, tena bila kukwambia. Ukimsoma kwa jina lake na mavazi yake, umeshamkosa.

Na kabla hajaondoka, usimuulize "umeelewa?" Jibu unalijua. Mwambie: "Hebu nieleze utakavyozimeza dawa hizi nyumbani, nione kama mimi nimeeleza vizuri."