Je, bima ya kazini na likizo ya jimbo vinalipa kwa pamoja?

Swali: Nahudumia wazee hapa Lowell, Massachusetts, kwa mshahara wa dola 800 kwa wiki, na nina mimba ya miezi sita. Nakatwa hela ya likizo ya kulipwa ya jimbo, na nakatwa tena ya bima ya ulemavu wa muda mfupi niliyojiandikisha kazini. Bima inasema italipa asilimia 60 ya mshahara. Nikijifungua, nitapata zote mbili?

Jibu: Hongera, dada. Panga bajeti yako kwa pesa za jimbo peke yake. Kwa mshahara wako, bima hiyo huenda isikulipe kitu.

Tangu 2021 Massachusetts hulipa asilimia 80 ya sehemu ya mshahara isiyozidi nusu ya wastani wa mshahara wa jimbo, na asilimia 50 ya kinachozidi hapo, mpaka kikomo kinachopangwa kila mwaka. Kwa 2025 kikomo kilikuwa dola 1,170.64 kwa wiki. Dola 800 zako zote zimo ndani ya ile nusu, kwa hiyo utapata 640.

Bima imeahidi 480. Lakini fungua kijitabu chake utafute ukurasa unaotaja mapato mengine yanayopunguza malipo. Bima nyingi za waajiri hukata kwanza, kwenye malipo yao, kile unacholipwa na jimbo. Ukitoa 640 kwenye 480, hakuna kinachobaki, ila kama sera yako ina kima cha chini, ambacho mara nyingi ni dola chache tu kwa wiki. Meneja anayepata 2,500 kwa wiki angeahidiwa 1,500. Kwa kikomo kile cha 2025, bima ingemwongezea 329.36. Linaniuma hili: wenye mishahara midogo wanakatwa kila malipo, na hakuna anayekaa nao kuwapigia hesabu hii.

Usifikirie kuacha kuomba likizo ya jimbo ili bima ilipe kamili. Sera nyingi huhesabu hata pesa ambazo ungestahili kupata lakini hukuziomba, na hapo utakosa kote kuwili.

Jimbo lenyewe halina ugomvi na bima ya muda mfupi ya mwajiri. Linapunguza malipo yake pale tu jumla inapopita wastani wa mshahara wako wa wiki.

Jambo lingine ni muda. Bima hulipa wakati mwili haujapona, kwa kawaida wiki 6 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida na wiki 8 baada ya upasuaji. Kukaa na mtoto hailipii. Hapo kuna wiki 12 za likizo ya familia ya jimbo, zinazofuata likizo yake ya matibabu, yaani ile ya kupona. Siku 7 za kwanza jimbo halilipi, basi weka akiba ya siku za likizo ulizolimbikiza kazini.

Je, uifute bima? Jimbo linatoa hadi wiki 20 za matibabu kwa mwaka, na zisizozidi 26 ukijumlisha za familia. Ukiugua zaidi ya hapo na bima yako bado ina wiki zilizobaki, itakulipa 480 kamili kwa sababu hakuna cha kutoa tena. Mimi ningeibakiza mpaka ujifungue na upone, kisha niamue upya wakati wa kujiandikisha.

Kwa sasa mwarifu mwajiri angalau siku 30 kabla ya kuanza likizo. Maombi ya jimbo yanapokelewa kuanzia siku 60 kabla. Barua ya kukubaliwa ikifika, ipeleke kwa kampuni ya bima siku hiyo hiyo. Bima ikitangulia kulipa kisha jimbo nalo likalipa wiki zile zile, watakudai warudishiwe. Kwa hiyo hela ya bima ikiingia mapema, usiiguse mpaka wakuandikie kwamba wameshahesabu malipo ya jimbo.