Chumba Berlin: tutume pesa kabla ya kukiona?

SWALI: Kijana wangu anakwenda kusoma Berlin. Mwenye chumba anasema yuko safarini; tukituma yuro 900 za dhamana, ataleta funguo kwa posta. Tutume? – Mzazi, Ntinda, Kampala

JIBU: Msitume hata senti, mzazi. Funguo za posta ni mtego wa kale. Dhamana hulipwa baada ya kusaini mkataba, na sheria ya Ujerumani haiiruhusu kuzidi kodi tupu ya miezi 3. Mpangaji anaweza kuilipa kwa mafungu 3 ya kila mwezi. Isichanganywe na ile kodi ya miezi mitatu inayolipwa mbele Kampala: dhamana hurudishwa anapohama, ikitolewa madeni na uharibifu.

Kwenye tangazo, tofautisheni Kaltmiete, yaani kodi tupu, na Warmmiete, iliyojumlisha gharama kama za maji na kupasha joto. Umeme mara nyingi huwa kando.

Aombe hosteli ya Studierendenwerk, shirika la huduma kwa wanafunzi, mapema, foleni ni ndefu. Akikosa, atafute chumba katika nyumba ya kuchangia, WG. Aulize kwanza: nitapewa Wohnungsgeberbestätigung, yaani barua ya mwenye nyumba ya kuthibitisha kuwa nimehamia? Bila barua hiyo atakwama kuandikisha anwani yake serikalini, na muda ni wiki 2 tangu kuhamia.