Mpango wa mwaka kwa wanaosomea nyumbani: panga mfuatano, tarehe ziandike baadaye

SWALI: Habari za kazi, Mwalimu. Nawasomesha wanangu watatu nyumbani. Mkubwa ana miaka 12, wa kati 9 na mdogo 6. Mwaka jana kabla hatujaanza niliandika ratiba ya mwaka mzima, kila somo na tarehe yake. Mwezi wa tatu wakaugua wote, tukapoteza wiki mbili, na tangu hapo sikuweza kuifikia tena ile ratiba. Nikawa nakimbiza vipindi, watoto wanalia, nami nimechoka. Mwaka huu nipangeje? Na huyu wa miaka 6 asome saa ngapi kwa siku?

JIBU: Pole sana, mama. Ugonjwa wa watoto haukuharibu mwaka wako. Ulioharibu ni mpango usio na nafasi ya ugonjwa. Somo likishafungwa kwenye tarehe, siku moja ikipotea zote zinazofuata zinavurugika, na kila asubuhi unaanza ukiwa na deni. Kwa hiyo mwaka huu andika masomo kwa mfuatano, somo la 1, la 2, la 3, bila tarehe hata moja. Tarehe utaiandika pembeni somo likishafundishwa. Karatasi hiyohiyo inakuwa azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya mwaka, na pia kumbukumbu ya kilichofanyika.

Kabla ya yote, hakikisha unajua sheria ya mahali unapoishi, maana nchi hazifanani. Ujerumani inamtaka mtoto ahudhurie shule, Ufaransa tangu mwaka 2022 inamtaka mzazi aombe kibali, na Marekani kila jimbo lina masharti yake. Kama kwenu kuna idadi ya siku, masomo ya lazima au mitihani, hayo ndiyo yatangulie kwenye mpango.

Sasa hesabu wiki. Mwaka una wiki 52. Ukifundisha wiki 36, siku 5 kwa wiki, unapata siku 180, ambazo ni mwaka kamili wa masomo kwa mifumo mingi. Mimi hupendelea kuzigawa wiki hizo katika awamu 6 za wiki sita sita, na baada ya kila awamu wiki moja isiyopangiwa kitu. Hapo umetumia wiki 42, na 10 zinabaki za likizo ndefu. Ile wiki ya saba ndiyo akiba yako. Mtoto akiugua, mgeni akija, au mada ikiwa ngumu kuliko ulivyodhani, unaichukua. Isipohitajika, pumzikeni kweli, wala usiijaze masomo ya mbele kwa tamaa ya kuwahi.

Baada ya hapo chukua kila kitabu, hesabu masomo yake, ulinganishe na nafasi ulizonazo. Tuseme kitabu cha hesabu cha mkubwa kina masomo 120. Ukimfundisha kila siku, atakimaliza wiki ya 24 na kukaa wiki 12 bila hesabu. Ukimfundisha siku 4 kwa wiki, una nafasi 144: masomo 120 yanaingia na 24 zinabaki za marudio na majaribio. Kitabu cha historia chenye sura 28 kinatosha sura moja kwa wiki, na bado wiki 8 zinabaki. Hesabu hii ni ya jioni moja tu, lakini ndiyo itakayokuonyesha mapema kwamba umepanga vitabu vingi kuliko mwaka wenyewe. Ikitokea hivyo, punguza sasa hivi, kabla watoto hawajaanza.

Nisisitize hayo marudio, kwa sababu wazazi wengi huyafuta wakiona wamechelewa, na hasara yake huonekana mwakani. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha matokeo: sehemu kubwa ya kinachosahaulika hupotea mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo, kisha kasi hupungua. Aliona pia kwamba kurudia kwa kuacha nafasi katikati kunashika kuliko kurudia mfululizo kwa mkupuo. Kwa hiyo ukimfundisha mkubwa kujumlisha 1/3 na 1/4 Jumatatu, mpe swali moja la namna hiyo Jumatano, lingine wiki inayofuata, na lingine mwezi ujao katikati ya mada nyingine kabisa. Akiandika 2/7, ujue amejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili, yaani alikariri hatua bila kuelewa kwa nini asili lazima zilingane. Hapo msisonge mbele. Akiandika 7/12 na akaweza kukueleza alivyoipata, endeleeni. Maswali mawili matatu ya aina hii mwanzoni mwa kipindi yanatosha, na hayali dakika 10.

Watoto watatu hawahitaji ratiba tatu. Hesabu, kusoma na kuandika kila mmoja ana ngazi yake, hivyo hayo yatenganishe. Historia, sayansi, jiografia, sanaa na hadithi ya kusomewa kwa sauti wafundishe pamoja, kisha kazi ya kila mmoja ndiyo itofautiane. Mkiotesha maharage kwenye pamba yenye maji, mdogo achore na ataje mizizi, shina na majani. Wa kati aandike sentensi chache kueleza kilichobadilika tangu jana. Mkubwa apime urefu wa mche kila siku kwa rula na achore grafu. Maandalizi ni yaleyale, umeyafanya mara moja.

Kwa vipindi vya peke yao, anza na mdogo asubuhi akili yake ikiwa safi, wakubwa wakifanya kazi wasiyohitaji msaada wako: kusoma kimya, mwandiko, mazoezi ya mada waliyokwisha kuielewa. Ukimaliza naye, aende kucheza, nawe umshike wa kati. Somo jipya la mkubwa lisianguke wakati mdogo anakuhitaji. Hapo ndipo siku nyingi huharibika.

Kuhusu saa, nakuomba usijipime kwa kengele za shule. Darasani muda mwingi huenda kwenye kuita majina, kugawa daftari na kusubiriana. Nyumbani mtoto anafundishwa yeye tu. Kwa miaka 6, vipindi vya dakika 15 hadi 20 vyenye mapumziko katikati, jumla saa moja au moja na nusu ya kukaa mezani, vinatosha. Wa kati mpe saa mbili hadi tatu, mkubwa tatu hadi nne. Mdogo akianza kujinyonganyonga kitini na kukisia majibu, funga kitabu hata kama ukurasa haujaisha. Kesho mtaendelea palepale, na kwa kuwa mpango wako hauna tarehe, hakuna kilichochelewa.

Mwisho wa kila wiki kaa robo saa na karatasi yako. Tia tarehe masomo yaliyofanyika, angalia namba zinazofuata, toa vifaa vya wiki ijayo uviweke mahali pamoja. Andalio la somo la kina liandike kwa wiki hiyo moja tu. Kila mtoto awe na faili lake, na humo utunze kazi chache za mwanzo wa mwaka, za katikati na za mwisho, zikiwa na tarehe. Ofisa akikuuliza, au wewe mwenyewe ukitaka kujua kama mwandiko wa wa kati umesogea, jibu liko humo.

Umebakiwa na viporo vya mwaka jana, na najua vinakuuma. Usivirundike juu ya mwaka huu. Wiki ya kwanza mpe kila mmoja maswali machache kutoka kila sura ya kitabu cha zamani, bila kumsaidia na bila kumpa alama. Anachokiweza kiruke hata kama hamkukifundisha rasmi. Anapokwama, tuseme kwenye kugawanya kwa tarakimu mbili, hapo ndipo panapokuwa somo la 1 katika mfuatano wake mpya.