Redio hukwaruza kabla ya ngurumo

Swali: Radi inapopiga mbali, redio yangu hukwaruza papo hapo, ilhali ngurumo huchelewa. Kwa nini?

Jibu: Ndani ya wingu, vipande vya barafu vinavyogongana hutenganisha chaji chanya na hasi, na baina yake hujengeka uga wa umeme, yaani eneo ambamo chaji husukumwa au kuvutwa, ambao ukizidi kiasi, hewa hushindwa kuuzuia mkondo wa umeme: ndiyo radi. Mkondo huo, ambao kwa kawaida hufikia ampea 30,000 hivi, huzungukwa na uga wa sumaku. Na kwa kuwa hupanda na kushuka ghafla mno, nyuga hizo mbili husafiri pamoja kama wimbi la sumakuumeme, kilometa 300,000 kwa sekunde, hadi kwenye antena yako, na redio hukwaruza. Ngurumo, maskini, hujikokota mita 340 hivi tu kwa sekunde.