Bila mashine naweza kuwa mtafiti wa kwantamu?

SWALI: Shikamoo dada. Niko mwaka wa pili fizikia, Dodoma, nataka niwe mtafiti wa kompyuta za kwantamu ila washkaji wananicheka eti mashine yenyewe ntaiona wapi.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Waache wacheke, IBM waliweka kompyuta ya kwantamu ya kwao (inayokokotoa kwa kanuni za chembe ndogo kama atomu) kwenye intaneti toka 2016, unaandika programu kwa Python ukitumia Qiskit (zana yao ya kuandikia programu za kwantamu), unatuma, unasubiri foleni (foleni ipo hata huko!), majibu yanarudi kwenye laptop yako hiyohiyo. Kazi yenyewe sasa, muda mwingi ni kupambana na makosa, maana kubiti, yaani kile kipande kidogo kinachobeba taarifa ndani ya mashine, ni kama kichanga, kelele kidogo tu kashtuka, za IBM na Google zinapoozwa karibu nyuzi 273 chini ya sifuri na bado zinakosea. Ndo maana Google walivyotoa chipu ya Willow 2024, kubiti 105, watu walishangilia, kundi la kubiti likikuzwa makosa yanapungua badala ya kuongezeka. Ila PhD karibu lazima, na aljebra ya matriksi ndo ugali wako. Chuo cha Wits, Johannesburg, kiliungana na IBM kwenye haya mambo 2019, chungulia huko kwanza kabla hujawaza Marekani.