Barua kwa mwanangu: shahada au diploma?

Ukunda, Kwale

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza ndani ya matatu nikirudi kazini, na mara ya pili baada ya isha, mama yako akinimulikia kwa simu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Umeniuliza mambo mawili: kama usomee shahada ya usimamizi wa hoteli na utalii kwa miaka minne au uanze na diploma, na kama kazi hii iliyokulea bado ni ya kutegemewa. Nitaanza na la pili, kwa kuwa ndilo lililonichelewesha kukujibu.

Kazi ya hoteli hapa pwani haitegemeki kama mshahara wa mwalimu. Agosti 1997, ghasia za Likoni zilipozuka katikati ya msimu wa wageni, nilikuwa na miaka mitatu tu kazini. Makundi yaliyokuwa yamekwisha kulipia safari yakaghairi, nasi tukapelekwa likizo bila malipo kabla mwezi haujaisha. Novemba 2002 likaja shambulio la bomu kwenye hoteli ya Kikambala, kisha machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007. Mwaka 2020 ulijionea mwenyewe: ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa mwezi Machi, zikaruhusiwa tena tarehe 1 Agosti, lakini wageni hawakurudi nazo. Siku uliyofunga sanduku kurudi shuleni Januari 2021 uliuliza pikipiki iko wapi, nikakwambia iko kwa fundi. Haikuwa kwa fundi, mwanangu. Ilikwenda na karo yako. Na hata mwaka ukiwa mtulivu, mvua za masika huondoa wageni kuanzia Aprili, na wenye kandarasi za msimu hurudi nyumbani hadi karibu Julai. Siku hizi nafuu ipo kidogo, maana tangu reli mpya ianze kubeba abiria mwaka 2017, watu wa Nairobi ndio wanaotujazia vyumba Desemba na Pasaka.

Hayo sikuandikii ili uache. Nakuandikia ili uchague masomo yatakayokufaa hata hoteli moja ikifungwa.

Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa msichana aliyekuwa katika mafunzo ya nyanjani, akapelekwa stoo ya jikoni, mahali ambapo wanafunzi wengi huona wameonewa kwa sababu hakuna mgeni wa kuwaona. Asubuhi moja mvuvi alileta kolekole kilo 20, kwa shilingi 500 kilo. Wapishi walipomaliza kutoa vichwa, mifupa na ngozi, yule msichana akaiweka nyama iliyobaki kwenye mizani, ikawa kilo 9. Akaandika kwenye daftari lake kwamba shilingi 10,000 zimenunua kilo 9, kwa hiyo kilo moja ya minofu imetugharimu zaidi ya 1,100, ilhali bei ya sahani kwenye menyu ilikuwa imepigwa kwa hesabu ya 500. Kwa muda gani tulikuwa tukiuza samaki kwa hasara, hakuna aliyetaka kuulizwa. Mpishi mkuu alinuna siku mbili. Meneja alimwita msichana ofisini, na mafunzo yake yalipokwisha akaajiriwa. Huo ndio usimamizi ninaoujua mimi. Hesabu alikuwa amefundishwa darasani, lakini asingejua pa kuipeleka kama hangesimama kando ya ile mizani huku mikono ikinuka samaki.

Sasa usije ukadhani nakwambia mikono inatosha. Mimi niliingia kwa kuosha masufuria, nikapanda hadi kutandika vyumba, nikafanywa msimamizi wa ghorofa, na hapo ndipo nilipokwama. Watu watatu niliowafundisha kukunja pembe za shuka wamekuwa wakubwa wangu. Nafasi ya mkuu wa idara ilipotangazwa, niliambiwa kwa upole kwamba kazi yangu haina dosari ila faili langu halina cheti. Sikukuambia wakati ule kwa sababu ulikuwa na mitihani, na pia, nikisema kweli, niliona haya.

Kwa hiyo jibu langu ni diploma kwanza, kazi miaka miwili au mitatu, kisha shahada, tena ukikazania uhasibu. Alama yako ya C+ ya kidato cha nne inakufungulia mlango wa chuo kikuu, na haitakwisha nguvu ukiiweka kidogo. Ukitafuta chuo, usitazame jengo wala picha za mahafali. Uliza kina jiko la namna gani, wanafunzi wanapikia nani, na mafunzo ya nyanjani ni ya miezi mingapi. Chuo cha Utalii pale Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, kina hoteli yake ambamo mwanafunzi anamhudumia mgeni aliyelipa, na mgeni aliyelipa hulalamika kwa namna ambayo mwalimu hawezi kuiigiza. Kama ukipenda Pwani hii yetu, chuo kikuu cha pale Kilifi kinafundisha fani hii pia, nawe ungekuwa karibu na hoteli za kufanyia vibarua wakati wa likizo. Ukichagua hivyo sitakupinga, mradi likizo hizo usizilale.

Lugha ya kigeni ongeza moja, Kijerumani kama utabaki Diani, Kiitaliano kama utaelekea Malindi.

Karo tutaizungumza uso kwa uso. Kabla hujajaza fomu yoyote, omba ruhusa dukani kwenu wiki moja mwezi wa Agosti, hoteli ikiwa imejaa, uje ufuatane nami. Nimekwisha kumwomba mkuu wa idara, naye amekubali ukae nasi kama mgeni wangu, bila malipo. Vaa viatu visivyoteleza. Tutatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa maana zamu yangu inaanza saa kumi na mbili, na vyumba vya wanaoondoka mapema havingoji.

Ni mimi baba yako.